Siku Nilipogeuza Kinanda

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo shingo yangu inageuka yenyewe upande wa kulia. Ni siku niliyodai kinanda cha parokia kigeuzwe ili watu wanione uso. Nilikipata nilichodai. Mimi ni mtu wa soko, tangu ujana wangu najua kuvutana bei, na ningepaswa kushtuka pale muuzaji alipokubali upesi.

Nakuandikia haya kwa sababu ya maneno uliyoniletea juzi. Ulikuja hapa dukani kwangu Kilibula, ukakalia gunia la chumvi ambalo bado ninataka kuliuza, ukasema unaacha kwaya. Kisa? Mchumba wako siku hizi anakaa upande wa mpiga gita, na wewe unayepiga kinanda anakuona kisogo. Sikukujibu. Nilikuuzia sabuni nikakuacha uende, maana mwenye wivu ukimjibu papo hapo anaona na wewe umehamia kwa mpiga gita. Sasa umepoa kidogo. Nisikilize.

Uhuru ulikuwa umekwisha kuingia wakati ule, bendera imebadilika, na Wazungu wengi walikuwa wamevuka mpaka kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo, bila kuaga. Furere Gaspari alibaki. Alikuwa mtawa mwembamba, mwalimu wa muziki katika shule ya misioni hapa Uvira, mwenye kanzu nyeupe na viatu bila soksi. Yeye ndiye aliyenifundisha kinanda kwa ajili ya misa, kile cha kukanyaga: miguu inasukuma upepo, vidole vinachagua pa kuutolea, na karibu na goti la kulia kuna chuma ambacho ukikisukuma pembeni sauti inafura. Kumbuka hicho chuma. Tutakirudia.

Kisha akatokea Simeoni. Simeoni alitoka Luberizi, kule bondeni kwa wakulima wa mpunga. Baba yake alikuwa mpiga indingiti, chombo cha uzi mmoja kinachosindikiza maharusi, kwa hiyo mtoto alikua akijua mkono unavyovuta uzi na uzi unavyolia. Furere alipomwekea violoni chini ya kidevu, ile ambayo wengine huiita fidla, Simeoni alizitazama zile nyuzi nne kama mtu aliyezoea chumba kimoja ghafla amepewa nyumba. Kabla masika hayajaisha alikuwa anaipiga hadi wapishi wa misioni wanaacha maharage yaungue.

Mimi nilikuwa wa kwanza kumpongeza, na wa kwanza kuchoka kumpongeza.

Furere akaamua tufanye tamasha dogo katika ukumbi wa parokia, siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Tupige sonata mbili. Sonata ni muziki wa Ulaya ya zamani sana, mwanangu: violoni na kinanda, hakuna anayeimba, hakuna ngoma. Hizi zetu kila moja ilikuwa na vipande vinne, cha polepole, cha haraka, cha polepole tena, na cha mwisho cha kurukaruka kama watu wanatoka sokoni na faida. Katika karatasi, violoni imeandikiwa kila kitu chake. Mpiga kinanda anaandikiwa mkono wa kushoto peke yake, na chini ya noti kuna tarakimu ndogondogo. Kwa kufuata hizo tarakimu, mkono wa kulia unajaza wenyewe.

"Simeoni anasema," Furere alinieleza, "na weye unamujengea nyumba ya kusemea."

Tarakimu nilizipenda sana. Nyumba sikuipenda. Mtu akihutubia mlangoni, nani anatazama kuta?

Na mimi kuta nilizijua, maana kinanda kilikuwa kimeegemezwa ukutani mbele ya ukumbi. Nikikaa kupiga, watu wote wako nyuma yangu. Simeoni alisimama kuliani kwangu, ameelekea watu, dirisha linammulika kama sanamu ya mtakatifu. Kila tulipotaka kuanza kipande, nilipaswa kugeuza uso kulia na kutazama kiwiko chake. Kiwiko kikipanda, navuta pumzi. Kikishuka, tunaingia pamoja. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyojikuta nikitumia ujana wangu kutazama kiwiko cha mwanaume mwingine.

Haya yote ningeyavumilia. Tatizo lilikuwa Veronika.

Veronika alikuwa binti wa Mzee Labani, karani wa duane, yaani forodha, kule bandari ya Kalundu. Aliimba sauti ya pili katika kwaya, na alikuwa na kicheko kifupi ambacho ukikipata siku moja unataka kukipata tena. Nilikuwa nimeongea naye, tukaelewana, na baba yangu mdogo akapeleka kwao mtungi wa kasiksi. Kwetu wakati ule mambo yalikuwa hivi: wazazi wa msichana wanaupokea mtungi wa pombe ya ndizi na kuuweka pembeni. Wakiufungua na kunywa, mlango uko wazi. Wakiurudisha umejaa, usiulize kwa nini. Na kasiksi haikai siku nyingi bila kuharibika, kwa hiyo majibu hayachelewi. Mzee Labani aliupokea wiki ileile ya tamasha akamwambia baba yangu mdogo, "Tutaongea kisha muziki."

Unaona nilikokuwa. Mke wangu alikuwa ndani ya mtungi, mtungi ulikuwa kwenye kona ya nyumba ya mtu wa duane, na mtu wa duane anakuja kunitazama kisogo.

Halafu kulikuwa na lile benchi. Veronika alikuja kwenye mazoezi pamoja na wasichana wengine wa kwaya. Ukumbi ulikuwa mtupu, angeweza kukaa popote. Alikaa kuliani, mwisho kabisa, karibu na dirisha. Upande wa Simeoni. Siku ya pili, palepale. Siku ya tatu msichana mwingine alikuwa amewahi mahali pale, na kwa masikio yangu nilimsikia Veronika akimwambia, "Mupenzi, hapo ni pangu, sogea." Nilizipiga hesabu, nikazipiga tena kwa kuanzia mwisho, na jibu lilitoka lilelile: msichana wangu anafuata violoni.

Mwanangu, wivu haukuambii uongo mkubwa. Unakuletea kitu cha kweli kabisa, benchi, dirisha, kicheko, halafu unakuuzia maelezo yake kwa bei ya kuruka. Mimi niliyekuwa nakataa kununua sindano bila kuipitisha kwenye kitambaa, maelezo yale niliyanunua bila hata kuyapindua.

Nikaanza kuchunguza. Simeoni akinisalimu kwa furaha, nasema, anafurahi kwa nini? Akinisalimu kwa unyonge, nasema, anaficha nini? Alipoazima kitana changu nilikaa usiku nikiwaza anajichania nani. Hata alipofunga macho akipiga, maana alikuwa na desturi hiyo, mimi nilisema moyoni: huyu anafumba macho ili amwone vizuri.

Siku chache kabla ya tamasha nikamfuata Furere chumbani mwa karatasi.

"Furere," nikasema, "minye napiga noti mingi kumushinda Simeoni."

"Umezihesabu?"

"Mara mbili."

"Na zile unazopiga ambazo hazikuandikwa, hizo pia umezihesabu?"

Nikatoa bei yangu. "Kinanda kigeuzwe. Niangalie batu."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mgonjwa. Kinanda kile kinatoa sauti mgongoni. Kikiwa ukutani, ukuta unaipunguza, lakini ukikigeuza, sauti yote itamwagikia watu na violoni itazama. Tena ni kirefu, nikikaa nyuma yake watu wataona nywele tu. Tena Simeoni atakuwa mbele ya kinanda, mimi nyuma, kiwiko sitakiona.

"Simeoni ninamujua kwa moyo," nikasema. "Sina haja ya kiwiko."

"Hapana, Daudi."

"Sonata ya pili tu basi. Ya kwanza tupige ukutani, ya pili tugeuze."

Alikuwa amechoka mzee yule. Nchi ilikuwa inamtikisika chini ya miguu, kila wiki barua zinamwita arudi kwao. "Haya," akasema. "Ya pili."

Nikatoka nikijisifu. Nilikuwa nimeomba mzigo mzima nikapewa nusu, na huyo ni Mzungu wa misioni, watu wasiopunguza kitu isipokuwa adhabu ya kitubio.

Simeoni nilipomwambia alicheka tu. "Kama inakufurahisha, ndugu yangu, tugeuze. Minye nitasimama fasi yoyote. Baba yangu anapiga indingiti akitembea nyuma ya bibi arusi, sijamusikia akiuliza kama iko muntu anamuona."

Ni rahisi kusema hivyo, nilijiambia, kwa mtu ambaye dirisha linammulika bure.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Walikuja walimu na wake zao, wauza vitenge, akina mama wa samaki wakiwa wameoga na bado wananukia ndagala, na wakulima wawili watatu kutoka bondeni pamoja na mama yake Simeoni. Watu walikuwa wananong'ona habari za barabara ya Bukavu, kwamba kuna vijana wamepanda milimani na hawajashuka, lakini walinong'ona kama watu wanaotaka kusahau kwa saa moja. Mzee Labani aliketi mbele, kofia magotini. Veronika hakukaa naye. Alikwenda kuliani, mwisho kabisa, karibu na dirisha.

Tulianza kwa kufunga nyuzi. Violoni inakazwa na kulegezwa hadi ilingane na kinanda, kwa sababu kinanda hakifungwi; kwa hiyo mimi ndiye ninayetoa sauti, Simeoni anaifuata. Nilibonyeza, akakaza, akavuta, akakaza tena, zikalingana. Watu wakapiga makofi! Walidhani ndiyo sonata yenyewe imekwisha, tena fupi na nzuri. Simeoni akainama kwa adabu. Nilikaa pale nikitazama ukuta na kujiambia kwamba sasa mtu anashangiliwa kwa kuazima sauti yangu.

Hata hivyo, sonata ya kwanza ilikwenda vizuri. Nitakuambia ukweli, ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Nilimtazama kiwiko kila mwanzo, kilipanda, nikapumua, tukaingia kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Nyuma yangu hapakuwa na kikohozi. Ilipomalizika watu walisimama, na nikasikia sauti ya Mama Sofia, muuza samaki, ikisema, "Haa! Hawa batoto banaongea bila kinywa!"

Hawa batoto, alisema. Alitaja wawili. Mimi sikusikia wawili.

Wanaume wanne wa kwaya wakainua kinanda, wakakigeuza, jasho likiwatoka, mmoja akiuliza kama na madhabahu tutaigeuza jioni. Nikakaa nyuma yake. Furere alisema kweli: kilikuwa kirefu. Ilinibidi ninyooshe shingo kama kuku anayechungulia jirani, na hapo nikawaona watu, na watu wakaona nyusi zangu. Nikatafuta lile benchi la dirishani. Lilikuwa tupu.

Veronika hakuwapo mahali pake. Nikamwona akipita katikati ya watu, anainama, anaomba radhi, anakwenda upande wa pili wa ukumbi, kisha anasimama kwenye nguzo akinyoosha shingo kuelekea mbele. Na mbele kabisa ya kinanda, akielekea watu, nani amesimama? Simeoni.

Amemfuata, nikasema. Mbele ya baba yake, amemfuata.

Sonata ya pili ikaanza na sikujua imeanza, maana kiwiko sikukiona. Niliingia nikiwa nimechelewa. Simeoni akanisubiri, nikamkuta. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile nguzo, na kila Veronika alipojinyoosha, goti langu la kulia lilisukuma kile chuma. Sauti ikafura. Simeoni akakaza upinde ili asikike. Nikasukuma zaidi. Kipande cha haraka kilipofika, yeye alikuwa mbele, mimi nyuma, kisha mimi mbele, yeye nyuma, na kinanda kinamwagia watu upepo wote wa Uvira. Violoni ilikuwa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto uliofurika.

"Weye wa kinanda!" Mama Sofia akapaza sauti. "Acha mwenzako asikike, bana! Amekukosea nini?"

Watu wakacheka. Nilidhani wanacheka kwa sababu wote wanajua habari ya Veronika. Nikasukuma chuma hadi mwisho.

Kipande cha tatu ni cha polepole. Simeoni alikipiga hadi nusu, akanyamaza, akashusha upinde. Mimi nikaendelea peke yangu kidogo kabla ya kugundua. Akawainamia watu akasema, "Asanteni. Inatosha kwa leo." Kipande cha mwisho, kile cha kurukaruka, hatukukipiga. Watu walipiga makofi ya huruma, na hayo, mwanangu, hata mtu asiyejua muziki anayatambua.

Nilitoka nje mbio kama aliyeibiwa. Nikamkuta Veronika kwenye ngazi pamoja na baba yake, na badala ya kusalimia nikasema, "Umeshiba kumuangalia? Mazoezi yote upande wake, leo tena ukamufuata hadi kwenye nguzo!"

Veronika alifungua kinywa, akakifunga. Macho yalimjaa. Mzee Labani alimshika bega, akavaa kofia yake, akainyoosha.

"Kijana," alisema, bila kupandisha sauti, "minye natumika duane. Muntu akifika na mizigo sitazami ile anayonionyesha, natazama ile ameikalia. Leo umeniinukia, nimeona yote." Akashuka ngazi moja, akageuka. "Umeshindwa kumuacha rafiki yako amalize wimbo. Mutoto wangu, ndani ya nyumba yako, atamaliza neno siku gani?"

Wakashuka, nikabaki nikitazama kofia ile ikipotea njiani.

Kesho yake mtungi ulirudi umejaa. Baba yangu mdogo aliubeba kichwani kutoka kwao hadi kwetu, na kila aliyekutana naye njiani alimpa pole kana kwamba amebeba jeneza. Kasiksi yenyewe tuliinywa sisi. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Simeoni alikuja jioni. Alisimama mlangoni na violoni ndani ya mfuko wa kitambaa. "Kile kipande cha mwisho kimebakia," alisema. "Siku ya Mungu inayokuja tukipige. Hata kama hakuna muntu."

"Ukapige na yule anayekaa upande wako."

Akahamishia mfuko kwapani. "Daudi. Minye nikisimama pale sioni upande wowote. Weye mwenyewe unajua ninafunga macho."

"Nenda," nikasema.

Akaenda. Wiki ileile akashuka Luberizi kusaidia kuvuna mpunga, na kabla haijaisha barabara ikafungwa.

Habari za uasi umeshazisikia kwa wengine, sitazirudia. Nitakuambia kipande changu tu. Sisi tulipanda hadi kwa wafugaji wa kule juu. Walikuwa Waprotestanti na sisi tuna rozari shingoni. Walitupa maziwa na kona ya nyumba, ubatizo wetu hawakuuliza. Wenzangu usiku walistuka wakiota risasi. Mimi niliota violoni. Nilikuwa na hakika kwamba Simeoni amevuka mto Ruzizi, kwamba Veronika naye amevuka, kwamba wako Usumbura pamoja, anampigia kile kipande cha mwisho. Watu walikuwa wanakufa, mwanangu, na mimi nilikuwa bado nachunga benchi.

Tuliporudi Uvira nikapata habari zote mbili kwa siku moja. Veronika hakuwa amekwenda popote. Alikaa Kalundu na baba yake muda wote, wakila samaki na kuomba Mungu. Na Simeoni alikuwa amevuka Ruzizi kweli, akiwa amembeba mama yake mgongoni. Homa ilimshika kwenye kambi ng'ambo. Hakuwahi kuona tena mpunga wa kwao. Violoni ilibaki katika nyumba yao, na nyumba ilikuwa imeungua.

Furere alikuwa amekwenda kwao. Ukumbi ulikuwa hauna milango. Lakini kinanda kilikuwepo, na mtu, sijui nani, alikuwa amekirudisha ukutani.

Padri alisoma misa ya kumwombea Simeoni mlemle ukumbini, kwa kuwa paa la kanisa lilikuwa limetoboka. Mama yake, aliyekuwa amerudi kutoka kambini, alikuja kutoka Luberizi. Baada ya misa akanifuata, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mutoto wangu aliniambia iko wimbo mulibakiza," alisema. "Upige niusikie."

"Mama, ule ni wa watu wawili. Wa kwake ndio wimbo. Wangu ni wa kushikilia tu."

"Basi shikilia."

Nikakaa. Nikatandaza karatasi ambayo nilitembea nayo milimani bila kujua kwa nini. Nikakanyaga, upepo ukaingia, na kama nilivyofundishwa nikageuza uso kulia kutazama kiwiko.

Hapakuwa na kiwiko. Palikuwa na dirisha. Na nyuma ya mahali pale patupu, kwenye benchi la mwisho kabisa, alikuwa ameketi Veronika, ananitazama usoni.

Nikaanza. Nilipiga mkono wa kushoto kama ulivyoandikwa, wa kulia ukajaza kwa kufuata tarakimu, na goti langu sikulisogeza. Ulikuwa wimbo wa kurukaruka ambao hakuna anayeruka ndani yake. Pale violoni ilipopaswa kuuliza nilingoja. Pale ilipopaswa kujibu nilingoja. Kila mara nilipogeuka kumtafuta Simeoni, niliuona uso wa Veronika. Ukumbi mzima ulikuwa unanisikiliza mimi peke yangu, hakuna wa kunifunika, hakuna wa kugawana naye makofi. Ndicho nilichokuwa nimedai. Nilipewa chote, bila kupunguziwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama yake Simeoni alisema tu, kwa Kirundi, kwamba amemsikia mwanawe.

Nilipotoka Veronika alikuwa kwenye ngazi zilezile. Nikamwambia, "Siku ile kwenye nguzo..."

"Siku ile," akanikata, "nilikuwa nakutafuta. Walikugeuza, ukapotea nyuma ya lile sanduku. Nilizunguka ukumbi wote sikupata hata pua yako."

"Na benchi?"

"Benchi!" Akacheka kile kicheko kifupi, na machozi yakiwamo. "Daudi, weye unapiga ukiangalia ukuta. Kukuona uso ni mpaka ugeuke kumuangalia Simeoni. Na ukigeuka, unageukia wapi? Kwenye ile benchi. Nilikaa pale juu yako, kwa sababu yako, mujinga."

Ndipo nilipoelewa hesabu yote niliyoikosea. Uso wangu mzuri, ule ambao msichana yule aliupenda hadi akagombania kiti, ulikuwa unaonekana tu wakati ninapomtazama mwenzangu. Nilipougeuza utazamwe, ukatoweka.

Mzee Labani alikuwa amesimama hatua chache, anapangusa kofia ambayo haikuwa na vumbi. "Baba yako mudogo," akauliza, "bado yuko muzima?"

"Yuko, Mzee."

"Na shingo yake?"

"Bado inabeba, Mzee."

Akavaa kofia. "Mwambie asilete mutungi mukubwa. Safari hii hautamurudilia, lakini wanywaji tumepungua."

Basi, mwanangu, siku nyingi umekuwa ukiuliza kwa nini Mama Veronika wako, kila nikipiga kinanda misani, hakai na wanawake wenzake mbele. Sasa unajua. Na umejua kwa nini, baada ya miaka yote hii, shingo yangu bado inageuka kulia kabla sijaanza wimbo wowote, ingawa hakuna mtu wa kuniingiza.

Neno langu kwako ni hili. Usiache kwaya. Kesho nenda kwenye mazoezi, ukae mahali ulipopangiwa, na umtazame mpiga gita: anavuta pumzi wapi, anachelewa wapi, anahitaji umshikilie wapi. Mwache asikike hadi amalize. Kuhusu binti, usihesabu benchi. Muulize. Muulize taratibu, siyo kwenye ngazi mbele ya baba yake, na akianza kujibu nyamaza hadi afike mwisho wa neno lake. Na rafiki akija mlangoni kukuambia kuna kipande kimebakia, acha chochote ulichokishika, toka naye, mkakipige jioni ileile. Mimi nilipata mke na sikumpata tena Simeoni, na kati ya hesabu zote nilizozirudia maishani, hiyo ndiyo isiyobadilika.

Mungu akupe masikio mapana kuliko kinywa, mwanangu. Akupe mwenzako wa kulia aliye hai, umtazame mzeeke pamoja. Na ukigeuka kumtafuta, ukute kiwiko chake kinapanda.

Halafu urudi dukani. Lile gunia ulilolikalia limeshikana, utanisaidia kulivunja.